Pindo la Sketi ya Kifungo

Mimi kazi yangu ni matundu na vifungo. Mume wangu hukata na kushona. Mimi natoboa matundu, nabandika vifungo, napiga pasi, na kuongea na wateja. Kuongea ndiko nilikojaliwa. Mume wangu hupenda kunitania kwamba vifungo vyote nimewapa wateja, mdomo wangu sikuubakizia hata kimoja.

Chumba cha kazi kiko mbele. Chumba cha kulala kiko nyuma. Katikati kuna pazia. Tuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo cha wateja, na kopo la bobini za uzi. Watu wote humwita mume wangu Fundi. Binti yetu ana miaka minane. Alizaliwa mfupi na wa mviringo, basi tukamwita Kifungo. Nami nikawa Mama Kifungo.

Kila mwanzo wa muhula, Fundi humpandisha Kifungo juu ya meza ya kukatia. Humpima sketi mpya ya shule. Kifungo akichezacheza, baba yake humwambia, "Simama kama sindano!" Hapo mtoto hukauka. Mikono ubavuni, macho mbele. Hata nzi akimtua puani, hamfukuzi. Sisi wawili tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Hayo yalikuwa maisha yetu. Sasa nitakueleza yalivyoharibika. Nami sitajificha, maana mkono wangu umo.

Shule moja ilituletea kazi kubwa. Sketi sitini na mashati sitini, kwa wiki tatu. Fundi alijikuna kichwa. Kwa mwendo wake wa kawaida, kazi hiyo ilimzidi.

Kuna bwana mmoja anayepita kwa mafundi akiuza zipu na nyuzi. Tunamwita Muuza Zipu. Siku hiyo alimwona Fundi amechoka, akamvuta pembeni. "Ninayo dawa ya kuchangamsha," alimwambia. "Ukivuta kidogo tu, uchovu unausahau." Fundi akakubali. Mimi nilikuwa nyuma napiga pasi, sina hili wala lile. Haya niliyajua baadaye sana.

Nilichokiona ni kasi. Kawaida Fundi hushona sketi tano kwa siku. Siku ile alishona kumi na moja! Aliimba. Alitania. Aliongea kunishinda hata mimi, na hiyo si kazi ndogo.

"We baba, leo umekula nini?" nilimuuliza.

"Nimekula ujana," alijibu, akacheka.

Mwenzangu, nilijivuna! Niliwaambia majirani kwamba nina mume mashine. Halafu, kwa tamaa yangu, nikapokea kazi nyingine ya magauni sita. Nilijiambia, mtu mwenye mikono kama ile hashindwi.

Baada ya siku chache niliona mengine. Chakula anakisukuma pembeni. Nikiamka asubuhi, namkuta palepale nilipomwacha, mguu kwenye kanyagio. Suruali inamvuka kiunoni. Jasho linamtoka hata kukiwa na baridi. Alikuwa anasaga meno mpaka nasikia. Nilisema moyoni, kazi ikiisha atapumzika.

Siku moja nilikuta kitu kwenye kopo la bobini. Kibomba kidogo cha kioo, kina kitumbo mwishoni, kimeungua kwa ndani. Unajua nilifanya nini? Nilidhani ni kifaa kipya cha kutilia mafuta ya cherehani. Nikakiosha kwa sabuni, nikakikausha, nikakirudisha kwenye kopo. Hata leo nikikumbuka najiona mjinga.

Kisha hofu ikaingia nyumbani.

Ilianza na kioo cha wateja. Fundi alikifunika kwa shuka. "Wanatuchungulia humu," alisema.

"Kina nani?"

Aliziba na tundu la ufunguo, kwa kitambaa cha bitana. Mteja akibisha hodi, yeye anaruka. Siku iliyofuata aliniita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika shati moja la shule.

"Mama Kifungo, ndani ya kola kuna kitu," alinong'ona. "Kinatusikiliza."

"Jamani! Kola hii umeishona mwenyewe."

"Nakwambia kipo."

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mke wa fundi tu anayeweza kulifanya. Nilidhani akiona kwa macho yake, atatulia. Nikachukua wembe, nikaifumua ile kola mbele yake, mshono kwa mshono. Nikaigeuza nje.

"Haya, ona. Hamna kitu."

Aliitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa makubwa, yale meusi ya katikati yamejaa. Kisha akasema, "Wamekihamisha."

Akachukua shati la pili. Akalifumua. Akachukua la tatu. Ilipofika jioni, mashati kumi na manne yalikuwa wazi juu ya meza, na yeye bado anafumua. Huyu ni mtu ambaye mshono ukipinda kidogo tu hukosa raha. Sasa alikuwa anararua kazi ya mikono yake kama ya adui.

Mikono yake nayo ilikuwa na vidonda. Alidai wadudu wanatembea chini ya ngozi. Nilimwona akiwatafuta kwa sindano.

Asubuhi moja alikuja Nesi. Ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anafanya kazi hospitali, wodi ya wagonjwa wa akili. Alifuata gauni lake la kazi. Nilimpa huku natazama chini, kwa sababu kola yake ilikuwa imefumuliwa.

Nesi hakugomba. Aliitazama kola. Akamtazama Fundi kupitia uwazi wa pazia. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, anatafuna hewa na kujikuna. Kisha Nesi akaniambia, "Njoo nje kidogo, mdogo wangu."

Tulikaa kwenye benchi la wateja.

"Fundi analala?" aliuliza.

"Atalala saa ngapi? Ana kazi."

"Anakula?"

Nikatikisa kichwa.

"Anaona watu wanamfuata? Anasikia sauti?"

Machozi yalinitoka palepale. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kile kibomba cha mafuta, alinishika mkono.

"Kikoje?"

"Cha kioo. Kina kitumbo mwishoni. Kimeungua."

Nesi alifumba macho kidogo. "Hicho si cha mafuta ya cherehani. Watu hukitumia kuvuta dawa ya kulevya. Nadhani ni ile inayoitwa methamfetamini. Inafanana na chumvi ya mawe, au vipande vya kioo."

"Dawa ya kulevya? Mume wangu? Hanywi hata bia!"

"Sijasema bia."

Nilitaka kukasirika, lakini nguvu sikuwa nazo. Nikamwambia, "Nieleze basi. Nieleze taratibu, mimi si mtu wa shule nyingi."

Akanieleza. "Ndani ya ubongo kuna kemikali inayotupa raha na hamu ya kufanya kitu. Inaitwa dopamini. Ukiwa na njaa ukala, inatoka kidogo. Mtoto akikukumbatia, inatoka kidogo. Sasa hii dawa inaimwaga nyingi mno kwa mara moja. Ndiyo maana aliimba, ndiyo maana alishona sketi kumi na moja. Lakini ubongo haukuumbwa kwa mafuriko. Mtu akiendelea kuvuta, sehemu zinazopokea raha zinachoka. Nyingine zinaharibika. Chakula kinakosa ladha. Mtoto akicheka, yeye hasikii chochote. Kinachobaki kumvuta ni ile dawa tu."

"Na hii hofu je?"

"Dawa yenyewe inaleta hofu. Kukosa usingizi kunaiongeza. Ubongo unatengeneza sauti ambazo hazipo. Unatengeneza wadudu. Kwake yeye ni vitu vya kweli kabisa. Haigizi."

"Lakini nilimwonyesha, Nesi! Nilifumua kola mbele ya macho yake!"

"Hofu yake haikutoka kwenye kola. Ilitoka kwenye ubongo. Ulipofumua, aliona hata wewe unashuku."

Maneno hayo yalinichoma. Nilijiona nimeshika wembe ule tena.

Nesi alinifundisha la kufanya. "Usibishane naye. Wala usimkubalie kwamba kuna watu wanamfuata. Mwambie tu unaona anaogopa, na wewe upo. Sema kwa sauti ya chini. Maneno machache. Usimshike ghafla. Usisimame mlangoni, asijione amefungiwa. Ondoa vitu vyenye makali. Na ukiona hatari, mtoe mtoto kwanza, kisha niite. Moyo wake nao uko hatarini, dawa hii inaweza kuua hata kijana. Mlete hospitali kesho asubuhi. Hakuna atakayemfokea."

Kesho asubuhi. Nilisikia vizuri kabisa. Halafu nikajibu nini? "Nesi, zimebaki siku tatu shule ichukue sare. Tukimaliza tu, namleta."

Alinitazama. "Mama Kifungo, huyu mtu ni mgonjwa leo."

"Siku tatu tu, dada yangu."

"Basi angalau ficha mikasi."

Nilificha mikasi yote minne ndani ya debe la makapi ya vitambaa. Kesho yake Fundi aliamka ametulia kidogo. Akasema anataka kukata sketi zilizobaki. Akaniomba mkasi. Nilizihesabu sketi kichwani. Zilibaki kumi na mbili. Nikaingiza mkono kwenye debe, nikampa ule mkasi mkubwa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Mchana Kifungo alirudi kutoka shule. Nilikuwa uani naanika vitambaa. Nilimsikia akisalimia. Kisha nikasikia sauti ya Fundi, ya chini na ya haraka.

"Panda mezani."

Nilidhani anataka kumpima. Nikaendelea kuanika. Halafu nikasikia, "Simama kama sindano. Usipumue kwa nguvu. Watasikia."

Nikaviacha vitambaa. Nikaenda, nikasukuma pazia.

Kifungo alikuwa amesimama juu ya meza. Mikono ubavuni, macho mbele, kama alivyofundishwa. Machozi yanamtiririka, lakini hatikisiki. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Kwa mkono wa kushoto ameshika pindo la sketi. Kwa mkono wa kulia ana mkasi mkubwa, anakata pindo kuzunguka miguu ya mtoto. Ncha ya mkasi ilipita karibu na goti, ikarudi, ikapita tena. Kwenye ngozi kulikuwa na mkwaruzo, na damu kidogo.

"Wamemshonea waya," Fundi alisema bila kunitazama. "Kwa mtoto wangu! Wamemshonea waya mtoto wangu!"

Kila kitu mwilini kiliniambia nipige kelele, nimrukie. Lakini mkasi ulikuwa kwenye goti la mwanangu. Mimi, mama wa mdomo usio na kifungo, nikaufunga.

Nikasogea pembeni, mbali na mlango. Nikaacha mikono yangu wazi aione.

"Baba Kifungo," nilisema polepole. "Ni mimi."

"Unausikia? Unalia huo, unausikia?"

"Mimi siusikii. Lakini naona unaogopa. Unaogopa sana."

Aliganda. Kisha akasema kwa sauti ya mtoto, "Naogopa."

"Nipo hapa."

"Nikiuacha, wataondoka naye."

Mkasi ukafunguka tena. Nilitazama sketi. Kiunoni kulikuwa na kifungo kimoja kikubwa cha buluu. Nilikibandika mimi. Chini ya sketi, Kifungo alikuwa amevaa kaptura yake ya michezo. Mungu alinifumbua akili.

"Sketi ibaki kwako," nilimwambia Fundi. "Kifungo aje kwangu. Sketi ibaki."

Mkasi ulisimama.

"Kifungo, mwanangu, nitazame mama. Fungua kifungo chako. Taratibu."

Vidole vyake vidogo vilikwenda kiunoni. Vilikosea mara moja. Vilikosea mara ya pili. Tundu lile nililitoboa dogo ili sketi isimvuke akicheza. Nilijilaani kwa udogo wa tundu lile. Mara ya tatu kifungo kikatoka. Sketi ikaanguka mezani. Fundi akaikumbatia kwa mikono miwili, na mkasi ndani yake.

"Njoo," nilisema.

Kifungo alipiga hatua moja, mbili, akatembea juu ya meza mpaka kwangu. Nilimbeba. Nilitembea hadi nje bila kukimbia. Nilipofika barabarani, nikamwita Nesi kwa sauti.

Nesi alikuwa nyumbani siku hiyo. Alikuja mbio bila viatu, akapiga simu hospitali. Majirani nao walikuja, na mmoja alikuwa na kamba.

"Tumfunge kabla hajaua mtu!" alisema.

"Hakuna wa kumfunga mume wangu," nilisema. "Rudisha kamba yako."

"Na msijazane mlangoni," Nesi aliongeza. "Mkimzingira ndiyo hatari inazidi."

Yeye alisimama mbali na mlango, akamwongelesha Fundi kwa sauti ya chini mpaka gari la wagonjwa likafika. Wahudumu wawili waliingia polepole. Fundi alitoka nao akiwa bado ameikumbatia ile sketi. Mkasi ulibaki sakafuni.

Hospitali walimpa dawa ya kumtuliza. Alilala karibu siku mbili mfululizo. Alipoamka, aliniuliza swali moja. "Nilimkata?"

"Ngozi tu," nilimjibu. "Kidogo."

Akageukia ukutani.

Sare za shule zilichelewa. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza nina mgonjwa. Alitupa wiki mbili zaidi, na fundi mwingine akanisaidia. Umeona? Jambo nililoliogopa kuliko mkasi lilimalizwa kwa mazungumzo ya dakika kumi!

Usidhani Fundi alirudi na akili zake zote. Sauti zilikoma baada ya wiki moja na nusu. Lakini alikaa tu kwenye kiti. Hakuna kilichomfurahisha. Nampikia, anasema hasikii ladha. Nilidhani ameacha kutupenda.

"Anawapenda," Nesi aliniambia. "Ubongo wake unajijenga upya, na hilo linachukua miezi. Wengine zaidi ya mwaka. Hamu ya kuvuta itamrudia, usishangae. Akiteleza, mlete tena. Usimfukuze."

Hakuna kidonge cha kufuta hamu hiyo. Kuna kuongea na mshauri kila wiki, tena na tena. Siku moja Fundi alisikia sauti ya Muuza Zipu barabarani, jasho likamtoka palepale. Aliniita. "Keti na mimi," alisema. Tuliketi mpaka hamu ikapita. Toka hapo, nyuzi nafuata mimi dukani.

Na mimi nimejirekebisha. Kazi ya haraka siipokei. Jua likizama, cherehani zinafunikwa. Mteja akinuna, namwacha anune.

Kilichobaki kigumu kilikuwa Kifungo. Alikuwa anamsalimia baba yake kwa adabu, kisha anapita upande wangu wa chumba. Meza ya kukatia hakuisogelea. Muhula mpya ulipofika, nilimnunulia sketi ya dukani. Ilimpwaya, lakini alikataa kupimwa. Fundi hakumlazimisha. Alikaa na cherehani yake, anajifunza upya kushona mshono ulionyooka. Vipimo alikuwa akivisahau kabla hajafika kwenye daftari.

Ilipita miezi tisa. Jumamosi moja nilikuwa nabandika vifungo. Kifungo alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa sketi yake ya zamani, ile iliyokatwa. Mimi niliitengenezea pindo, lakini sasa ilikuwa fupi.

"Baba," alisema, "pindo limekuwa fupi. Nishonee nyingine."

Fundi aliweka chini kitambaa. Alichukua mkasi mkubwa kutoka mezani, akaniletea.

"Mama Kifungo, shika wewe."

Nikaushika. Kifungo alivuta kiti, akapanda mezani mwenyewe. Alimtazama baba yake kutoka kule juu.

"Nisimame kama sindano?"

"Hapana, mwanangu," Fundi alisema. "Simama unavyotaka. Ukitaka kushuka, shuka."

Kifungo aliinama, akachukua futi ya kupimia, akampa baba yake.

"Sishuki," alisema. "Pima. Namba nitakukumbusha mimi."